Hodi Kwenye Nyumba Tupu

Mama Sare alijua kwamba mumewe anaumwa jioni ile alipomkuta anabisha hodi kwenye nyumba isiyo na mtu.

Nyumba yenyewe mtaa mzima uliijua. Wenyewe walihama zamani, dirisha la mbele likapigiliwa mbao, na majani yakaota getini mpaka usawa wa kufuli. Mama Sare alikuwa anatoka kwenye karakana ya kushona, mkobani ana kola za sare za shule za kumalizia nyumbani, alipomwona mume wake mbele yake, mkono mmoja umeshika nondo ya geti, mwingine unagonga. "Hodi! Hodi wenyewe!" Akasubiri kama mtu anayesikia nyayo zinakuja. Halafu akauliza, kwa sauti ya kuwafikia wapita njia, humo ndani hawajambo? Na watoto je, wanakwenda shule?

Mke akajibana nyuma ya nguzo ya umeme, ingawa nguzo ilikuwa nyembamba na yeye mwili anao. Alitaka kucheka. Kicheko kilimkauka alipoona jinsi mumewe alivyouinua mguu wa kushoto, akausimamisha kwenye ncha ya kiatu, akauma midomo huku bado anaulizia afya za watu wasiokuwepo.

Mtaani walimwita Salamu. Alikuwa msomaji wa mita za maji, mtu wa kutoka nyumba hii na kuingia ile, na ukikutana naye asubuhi una haraka zako, ilikuwa heri upite njia nyingine. Kwa bibi mmoja aliyeshinda barazani kwake kutwa nzima, aliulizia goti, akaulizia usingizi, akaulizia mjukuu aliye mbali, kisha akarudi kwenye goti kana kwamba limepata habari mpya. Kwa fundi baiskeli aliulizia bei ya spoku, na baiskeli hana. Watu walimpenda kwa hilo. Mama Sare mwenyewe alikuwa akijigamba kazini kwamba mume wake ni mtu wa watu, na wenzake walimwonea wivu kwa sababu waume zao hawakuwasalimia hata wao.

Sasa alimfuata nyuma nyuma, akaona asichowahi kukiona. Kutoka kwenye lile geti hadi kwa fundi baiskeli, kutoka kwa fundi hadi barazani kwa bibi, kutoka kwa bibi hadi kwenye duka la mkaa, masafa yalikuwa yale yale. Mumewe hakuwa anasimama penye watu. Alikuwa anasimama pale mguu ulipomkatalia. Akimkuta mtu hapo alishukuru, na asipomkuta alisalimia mbao.

*

"Vua soksi," alimwambia kabla hata hajaweka mkoba chini.

"Za kazi, mke wangu?"

"Salamu hizo wapelekee wenye nyumba tupu. Vua soksi."

Hapo akajua ameonekana. Alikaa kwenye kiti, akavua ya kulia kwanza, kwa kubahatisha. Mke akamtolea macho. Akavua ya kushoto.

Ngozi ilikuwa imekaza na kung'aa, vinyweleo vimeisha, na kidole cha mwisho kilikuwa na weusi usio wa ngozi ya mtu, kikavu, kimekunjamana. Mama Sare alikishika. Kilikuwa cha baridi, na unyayo mzima ulikuwa wa baridi mpaka juu ya kifundo. Ndipo alipoelewa kwa nini siku hizi mumewe analala mguu ukining'inia nje ya kitanda na kusingizia joto. Akaelewa pia kwa nini kila mguu wake ulipougusa wa mwenziwe, wa mwenziwe uliondolewa haraka. Yeye alidhani wamezeeka tu, mambo hayo huisha.

"Hii imeanza lini?"

"Kidole ni juzi juzi. Kaka aliniambia niuchovye kwenye maji ya moto, damu itembee. Nikauchovya. Mimi naona maji ya vuguvugu, kumbe yanaunguza. Nilipoutoa, ngozi imebabuka."

"Na kutembea?"

Salamu alikuna kidevu. "Kutembea ni tangu mwaka jana. Nikienda kidogo nyama za mguu zinabana, kama mtu anazikamua. Nikisimama, zinaachia."

"Na mimi unanificha!"

"Ningesema nini, mama? Kwamba msomaji mita hawezi kufika nyumba ya pili? Pale ofisini kuna kijana wa pikipiki anaiwinda njia yangu. Nikisimama nasalimia, watu wanasema nina tabia nzuri. Nikisimama naumwa, mimi ni mgonjwa tu."

Mama Sare alikasirika mpaka akakosa pa kuiweka hasira. Alimkasirikia mume, akamkasirikia shemeji na maji yake ya moto, na zaidi alijikasirikia mwenyewe, mtu anayeona kola iliyopinda kwa uzi mmoja lakini asione mume anayechechemea ndani ya nyumba yake. Aliuzungushia mguu kitambaa safi, akamwambia kesho hakuna mita.

*

Hospitali ya karibu ilikuwa na benchi refu na watu waliozidi benchi. Salamu aliingia na mazoea yake, "Hamjambo jamani, poleni na foleni," na ni mtoto mmoja tu aliyemwitikia. Daktari alikuwa kijana mwenye macho mekundu ya kukesha. Alibonyeza unyayo, akatafuta mapigo kwenye kifundo, akayatafuta nyuma ya goti, akayatafuta kinenani, na hapo ndipo alipoyapata.

"Mishipa imeziba, mzee. Damu inatoka kwenye moyo vizuri, ikifika pajani inakwama. Huku chini hakifiki kitu. Hicho kidole kimekufa, na vingine vitakifuata."

"Hakuna dawa?" aliuliza Salamu.

"Dawa nitakupa, ila haitazibua. Hapa sisi tunakata. Chini ya goti. Keshokutwa nina nafasi."

Alisema bila ukali, kama mtu anayekuelekeza njia. Salamu alitikisa kichwa kukubali, na kule kukubali upesi ndiko kulikomtisha mkewe kuliko neno lenyewe.

"Hapa mnakata," alisema Mama Sare. "Na kwingine?"

Daktari alimtazama. Angeweza kumkaripia, na wengi wangemkaripia. Badala yake alisogeza kiti. "Hospitali ya rufaa yuko daktari wa mishipa. Anachukua mshipa mwingine wa mgonjwa mwenyewe, anaushonea juu na chini ya palipoziba, damu inapita kando. Si kila mtu anafaa. Na wagonjwa wapya anawaona Jumanne peke yake, leo ni Alhamisi. Mama, nikuambie ukweli. Mguu huu ukianza kuoza kabla ya Jumanne, sumu itapanda mwilini, na hapo hutakuwa unapigania mguu tena. Nendeni mkafikirie."

Hawajafika mlango wa nje, mhudumu mmoja akatokea na kiti cha magurudumu, anaita kwa sauti ya sokoni. "Wa kukatwa mguu! Wa kukatwa mguu yuko wapi? Mzee, ni wewe wa kukatwa?"

Benchi zima likageuka.

"Hujambo, mwanangu," alisema Salamu.

Mhudumu hakuitikia. Alikuwa anaitazama miguu, anasubiri kuambiwa ni upi. Salamu, ambaye hajawahi kumpita hata kichaa bila kumjulia hali, aliinamisha uso akaanza kutafuta kitu mfukoni ambacho hakikuwemo. Mama Sare alikisukuma kile kiti kando kwa goti.

"Huyu ni mzee wa watu," alisema, "na hajakatwa."

*

Kaka Mkubwa alikuja jioni hiyo hiyo. Alikuwa dereva wa lori aliyestaafu, mwenye sauti iliyozoea kushindana na injini, na katika ukoo ule neno lake lilikuwa halirudishwi. Alikaa kwenye kiti kizuri bila kukaribishwa, akautazama mguu wa mdogo wake, akageuza uso ukutani.

"Nisikilizeni," alisema. "Nilikuwa na mwenzangu, tumeendesha pamoja tangu ujana. Kidonda mguuni, hivi hivi. Wakamwambia kata, akasema ngoja kwanza nitafute pengine. Tulimzika na miguu yake yote miwili. Mdogo wangu, mimi sitaki kukuzika na miguu miwili."

Mama Sare alijua kwamba shemeji hakuwa amesema uongo, na macho ya mzee yule yalikuwa yameshaanza kulengwalengwa na machozi.

"Nakusikia, shemeji," alisema. "Lakini hakuna aliyeangalia bado kama unashoneka. Mtu akiniletea suruali imechanika, siifanyi kaputula kabla sijaigeuza nikaona kilichobaki."

"Huyu si suruali!"

"Ndiyo maana sikati."

"Na ukikosea?"

"Nikikosea nitaishi na kosa langu. Kama wewe na maji yako ya moto."

Lilimtoka, na halikurudishika. Salamu alitazama huku na huku kama mtoto ambaye wazazi wanagombana kwa ajili yake.

"Amua wewe, mama," alimwambia mkewe. "Utakalosema ndilo."

Mama Sare alitamani sana kuamua. Neno lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Akalimeza. "Hapana," alisema. "Nitakupeleka kokote, nitalala sakafuni, nitagombana na kila mlango. Lakini mguu ni wako. Uliuficha peke yako, na leo utausemea mwenyewe."

Salamu alikuwa hodari wa kuulizia hali za watu, na ya kwake hakuwa na mazoea ya kuieleza. Alikitazama kile kitambaa mguuni, akakiweka sawa pembeni ambako kilikuwa sawa tayari.

"Mimi nataka kutembea," alisema. Akalirudia kwa nguvu. "Nataka kutembea! Sitaki kukaa barazani nikisubiri watu wapite wanijulie hali. Jumanne tunakwenda. Nikipata homa kabla, au ukianza kunuka, nipelekeni kwa yule kijana akate, na mimi sitamlaumu mtu."

Kaka Mkubwa alishusha pumzi ndefu kama breki za lori. "Basi Jumanne nitawapeleka mimi," alisema. "Gari nitaazima. Hamtafika kule mnachechemea kama ombaomba, na mimi nipo."

Ijumaa Mama Sare aliomba mshahara wa mbele kazini. Alipewa pamoja na maneno, akaviweka vyote mkobani. Kila asubuhi alikifungua kile kitambaa, akainama na kukinusa kidole kama mtu anayenusa maziwa kabla ya kuyamimina. Hakikunuka. Homa haikuja. Jumapili nzima walikaa wawili hao wanausikilizia mguu.

*

Daktari wa mishipa alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya mkwaruzo na viatu vya raba. Alikuwa na kifaa kidogo cha kusikilizia damu, kama redio yenye kalamu. Aliiweka kalamu kinenani kwa Salamu, na chumba kikajaa sauti: shuu, shuu, shuu. Aliishusha pajani, sauti ikafifia. Kwenye goti ikawa ya kubahatisha. Juu ya unyayo kulikuwa na mkwaruzo mtupu.

Daktari hakuwa na haraka. Aliihamisha kalamu nyuma ya kifundo, akaisogeza hivi, akaisogeza vile. Kikasikika kitu dhaifu sana, kama mtu anayepumua nyuma ya mlango.

"Huyo hapo," alisema daktari. "Bado yupo mmoja."

Walimpiga picha za mishipa kwa dawa maalumu, na baada ya kungoja kwingi daktari aliwaita tena, akawaonyesha. Palipoziba ni hapa mpaka hapa. Chini, karibu na kifundo, mshipa mmoja bado mzima, mwembamba. Atatoa mshipa wa juu juu wa mguu huo huo, ambao mwili unaweza kuishi bila huo, aushonee kinenani na pale chini. Ni kazi ya saa nyingi. Inaweza kukataa, na ikikataa wataukata mguu. Kidole kile ni lazima kiondoke, hicho wasahau.

"Unashona kwa uzi gani?" Swali lilimtoka Mama Sare bila hodi.

Daktari alicheka. "Mwembamba kuliko unywele wako. Wewe ni fundi cherehani?"

"Sare za shule."

"Basi utanielewa. Kushona najua. Ninachohofia ni kitambaa." Akamgeukia Salamu, kicheko kimekwisha. "Mzee, unavuta sigara?"

"Niliacha."

"Lini?"

"Aa, zamani kidogo."

Mama Sare alitazama sakafu. Alikumbuka siku mumewe alipomwomba amtilie mfuko mdogo ndani ya kiuno cha suruali ya kazi, wa kuwekea kalamu, eti akiinama kwenye mashimo ya mita kalamu inadondoka. Aliushona kwa moyo mmoja, mshono juu ya mshono. Wakati wa kufua aliwahi kusikia harufu, akajiambia ni wenzake wa ofisini.

"Anavuta, daktari," alisema. "Mfuko wa kuzifichia nimemshonea mimi."

"Mama Sare!" Salamu aliruka kama amepigwa kofi. "Unaniaibisha mbele ya mtu!"

"Nakuaibisha, ndiyo. Umeshaniaibisha vya kutosha, kusimama nyuma ya nguzo nakuchungulia kama mwizi!"

Daktari aliinua mkono. "Nisikilizeni wote wawili. Sigara ndiyo iliyokufikisha hapa, mzee. Nikikushonea mshipa mpya na ukavuta, utaziba, na safari ya pili sitakuwa na mshipa wa kutoa. Watu wanaoisubiri meza yangu ni wengi. Sitaki ahadi ya kunifurahisha. Niambie ukweli, nijue ninashona nini."

Salamu alimjibu mkewe, si daktari.

"Moja asubuhi, moja jioni. Pale kwenye nyumba tupu. Nabisha hodi, nikiona hakuna mtu njiani navuta haraka haraka. Naufariji mguu, kumbe ndiyo naumaliza."

Mama Sare alifungua mkoba wake wa kazi akatoa wembe wa kufumulia. "Geuza kiuno," alisema, maana suruali aliyovaa ilikuwa ile ile ya kazi. Akapiga goti pale pale mbele ya daktari, akaanza kuufumua mfuko, uzi mmoja mmoja, machozi yanamtiririka na mikono haitetemeki. "Mshono mgumu huu," alisema. "Niliushona mara mbili, mjinga mimi." Mfuko ukaachia. Sigara mbili na kiberiti zikaanguka sakafuni.

Hakuna aliyeziokota. Kisha Salamu mwenyewe aliinama, akiegemea mguu mbovu kwa sababu hakuwa na jinsi nyingine, akaziokota, akazitia kwenye ndoo ya taka. Kiberiti alikibakisha mkononi, akakitazama, kisha nacho akakitupa.

"Nishone, daktari," alisema. "Sivuti tena." Hakuapa, na Mama Sare alimwamini kwa sababu hiyo.

Daktari akavuta kalamu ya wino, akaanza kuchora mguuni njia ya mshipa wa kutoa, kuanzia kinenani kushuka chini, mkono wake mwepesi na wenye uhakika. Mama Sare aliufahamu mkono ule. Ndivyo na yeye anavyopitisha chaki kabla ya mkasi, na kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi, pumzi ilimshuka.

*

Alilazwa siku hiyo hiyo, na siku za kusubiri zilikuwa chungu. Salamu bila sigara aligombana na mto, akagombana na chai, akamfukuza Kaka Mkubwa aliyemletea gazeti la jana. Alitafuna njiti za meno mpaka zikawa nyuzi. Dirishani aliweza kuwaona watu wakivuta nyuma ya ukuta wa jiko, na moshi ulipoelekea kwake alivuta shuka mpaka puani akaanza kuwajulia hali wagonjwa wa jirani, mmoja baada ya mwingine, kwa ukali kama anawadai. Nje hakutoka.

Asubuhi ya upasuaji walimsukuma kwenye kitanda chenye magurudumu. Aliyesukuma alisema, "Shikamoo mzee, tayari?" na Salamu akaitikia marahaba ndefu ambayo ilisikika mpaka mlango ulipojifunga.

Mama Sare alikaa kwenye benchi na kapu lake la kola. Alishona. Kaka Mkubwa alikaa pembeni, akasimama, akaenda mlangoni, akarudi, mikono mikubwa haina usukani wa kushika. Mwishowe Mama Sare alimpa mkasi mdogo, akamwonyesha namna ya kukata nyuzi zinazobaki nje ya mshono. Alikata kwa uangalifu, ulimi nje.

"Shemeji," alisema baadaye, bila kuinua macho. "Yale maji ya moto. Nilitaka apone."

"Najua. Na mimi nilisema vibaya."

"Hapana. Ulisema kweli." Akakata uzi mwingine. "Akitoka bila mguu, atakaa kwangu. Kwangu hakuna ngazi."

"Atatoka nao."

Kola zilikwisha. Mama Sare alifumua moja iliyokuwa haina kosa, akaishona upya. Alikuwa anaifumua tena daktari alipotokea, kofia mkononi, nywele zimelowa jasho.

"Njooni msikie," alisema.

Salamu alikuwa amelala, mdomo wazi, mguu umefungwa bandeji kutoka juu hadi chini. Muuguzi aliweka ile kalamu nyuma ya kifundo. SHUU! SHUU! SHUU! Kaka Mkubwa aliruka nyuma akagonga meza ya dawa. Mama Sare hakusubiri ruhusa. Aliweka kiganja chake kwenye unyayo, penye ngozi iliyobaki wazi, na ulikuwa wa moto, moto kama mguu wa mtoto aliyelala. Alikiacha kiganja pale. Muuguzi alitaka kusema kitu, daktari akamkonyeza.

Baadaye mgonjwa alifungua jicho moja. "Mguu upo?"

"Upo."

"Wote?"

"Kidole kimoja kimeaga," alisema mkewe. "Wenziwe wanakusalimia."

Salamu alicheka, ikamuuma, akacheka tena.

*

Haikuwa mteremko. Mguu ulivimba, kidonda cha pajani kilichelewa kufunga, na vidonge vilikuwa vya kumeza kila siku, vya maisha. Daktari alimwambia mshipa huo sasa anautunza mwenyewe, kwa kutembea na kwa kutovuta. Alitembea uani akiwa na fimbo, akatembea mpaka dukani, akaiacha fimbo nyuma ya mlango. Kazini, njia yake ilikuwa imeshapewa yule kijana wa pikipiki. Msimamizi alimwambia arudi kuiomba siku atakayoweza kuimaliza kwa miguu. Salamu alisema sawa, akaanza kufanya mazoezi kila alasiri, na mkoba wa kazi begani ili mwili usisahau uzito.

Jioni moja Mama Sare alikuwa anafunga cherehani yake, tepu ya kupimia bado shingoni, bibi wa barazani akaingia karakana na mkongojo wake, amekunja uso.

"Mama Sare, nimekuja kushtaki. Mumeo siku hizi ana maringo."

"Amefanya nini, bibi?"

"Amenipita! Sasa hivi! Shikamoo moja ya haraka, kama ya askari, huyooo anakwenda zake! Hata goti hakuliulizia. Na fundi baiskeli naye kamwita, kapungiwa mkono tu. Mishahara imepanda nini huko kwenye maji?"

"Hakusimama?"

"Si ndilo ninalokuambia? Hakusimama!"

"Rudia tena, bibi."

"Hakusimama, hakusimama! Unacheka nini? Mwanangu, mbona unalia?"

Mama Sare alikuwa anafanya yote mawili, amekaa juu ya robota la kitambaa, amejiziba uso kwa tepu. Alimshika bibi mikono yote miwili. "Kesho nitakuletea mwenyewe akae chini kabisa kwenye mkeka," alisema, "akuulizie hilo goti mpaka ulichoke." Kisha akatoka mbio bila mkoba.

Alimwona mbali mbele. Alitembea akiyumba kidogo upande wa kidole kilichokosekana, lakini alitembea, duka la mkaa nyuma yake, baraza nyuma yake, fundi baiskeli nyuma yake. Mama Sare alimfuata katikati ya barabara, hakutafuta nguzo. Alimwona anakaribia ile nyumba tupu.

Akasimama.

Mkono mmoja ukashika nondo ya geti. Mama Sare naye alisimama. Alitazama ule mguu wa kushoto, aone kama utainuka kwenye ncha ya kiatu. Haukuinuka. Alitazama mkono mwingine, aone kama utaingia mfukoni. Haukuingia. Ulinyanyuka ukagonga geti, kwa nguvu, mpaka majani yakatikisika.

"Hodi!" alipaza sauti Salamu. "Hodi wenyewe! Humo ndani hawajambo?" Akageuza shingo, na alikuwa anatabasamu. Alikuwa ameshamwona mkewe kitambo.

Mama Sare alijipangusa uso kwa tepu ya kupimia.

"Hatujambo!" alijibu, mtaa mzima ukasikia. "Karibu!"

Salamu akaiachia nondo ya geti, akageuka, akatembea mpaka pale alipo mkewe bila kusimama.